Saba Ibaki

Usiku Unguja walituma amri, na kompyuta ya kituo
ikavua kiini chake cha zamani, ikavaa kipya,
bila kumuuliza mtu wa Kangagani.
Asubuhi mizani ikawa bubu.
Gunia juu, gunia chini, kioo kinasema sufuri,
na nje foleni imeshafika kwenye ukuta wa skuli,
karafuu kavu zote, na wingu linakuja upande wa Kojani.

Mie naitwa fundi kwa kuwa nina funguo za chumba.
Nikaiamuru moduli ijengwe upya.
Makosa yakamwagika, mia na arubaini na matatu,
yakipanda kwenye skrini kama siafu.
Mbwana, karani, akashika kichwa.
Nikamwambia: usisome la mwisho, la mwisho linapiga kelele tu.
Panda juu, panda, mpaka la kwanza. Huyo ndiye mama.
Hawa wengine wanalia kwa kuwa wamemwona analia.

Na la kwanza likasema: vichwa havipo.
Kiini kimefika, vichwa vyake vimebaki njiani.
"Kama ofisi yetu," Mbwana akasema,
kisha, "Wazee walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao."
Mbachao umefutwa usiku, Mbwana.
Msala umeshatandikwa, kilichobaki ni kusali.
Nikavishusha vichwa kwa simu, bando la buku,
mkono umetoka nje ya dirisha hadi kwapani,
maana mtandao hapa hauingii ndani, unabisha hodi tu.

Nikajenga tena.
Mia na arubaini na matatu yakawa moja.

Bi Time Khatib akachungulia, kanga kaikaza kiunoni:
"Mwanangu, kilo zangu zimo humo?"
Bado, Bi Time. Ziko juu ya mizani, hazijaingia.
"Basi nani kazizuia?"

Hoja, nilitaka kumjibu.
Kuna kazi moja ambayo miaka yote ikiitwa kwa hoja tatu;
kiini kipya kinataka mbili, ya tatu hakiijui wala hakiulizi habari zake.
Nikalifungua faili la Faki Shaame, aliyeiandika moduli hii
kabla hajaenda Maskati kutengeneza lifti za watu,
na pale, katikati ya msimbo, baina ya nyota mbili:

    Usomaye hapa chini, nakuomba usicheke,
    Mizani hii jamani, ina wivu kama mke,
    Nimebahatisha ndani, namba saba niishike,
    Ukijua kwa yakini, futa, yako uiweke.

Mke gani, Faki? Mkeo nimesoma naye.
Nikahesabu kwa vidole, nane na nane, haikupungua hata moja.
Mizani iliyokataa kupima
ilikuwa na mizani timamu tumboni.

Nikaikata hoja ya tatu. Ikajengeka.
Nikaona, na saba nayo itoke, tufanye kazi kwa ilimu.
Gunia la Bi Time likasoma kilo elfu nne,
kisha likazama chini ya sufuri,
utasema yeye ndiye anayedaiwa karafuu.
Nikairejesha saba mbio, kabla hajavaa miwani.

Thalathini na moja na nusu.
Mbwana akaandika, Bi Time akapiga dole gumba,
lakini hakuondoka.
"Nyumbani, kwa mizani ya ndoana, ilikuwa thalathini na moja na robo.
Hii robo nyengine ya nani?"

Tone la kwanza likapiga bati.
Watu wakaanza kuburura magunia kuingia ndani.
Nami chini ya ubeti wa Faki nikaandika, bila vina:
Na mie sijui. Saba ibaki.